Kipupwe Kikirefuka, Fuata Mwanga

Wengi hukiogopa kipupwe kwa sababu ya baridi. Nimekaa kaskazini ya mbali miaka kadhaa, na naona baridi ina dawa yake: koti zito, soksi za sufu, buti zisizopitisha maji. Kinachovunja moyo ni giza. Aliyekulia karibu na ikweta, ambako jua halibadili sana ratiba yake, huingiwa na unyonge akiliona linazama saa kumi alasiri.

Kwa hiyo toka nje asubuhi, mara kunapopambazuka, hata kama kumetanda mawingu. Mwanga wa nje siku ya mawingu huzidi ule wa taa za ndani mara kadhaa, ila macho hujirekebisha tusitambue. Mwanga huo ndio unaoijulisha saa ya mwili kwamba kumekucha. Nilipoanza kutembea asubuhi, usingizi wangu ulitulia, na ule uzito wa kuamkia ukapungua.

Lakini lililonipa matumaini hasa ni kuujua mwendo wa jua. Huku kaskazini, siku fupi kuliko zote huwa tarehe 21 au 22 Desemba. Kuanzia hapo mchana hurefuka, ila baridi kali mara nyingi huja Januari na Februari, kwa kuwa ardhi na bahari bado zinapoteza joto jingi kuliko zinalopokea. Yaani katika wiki zile unazoona mambo yanazidi kuwa mabaya, mwanga tayari umeshaanza kurudi! Kila Jumapili mimi huandika kwenye kalenda saa ya machweo. Mwanzoni tofauti ni dakika chache. Februari ikifika, inaonekana wazi.

Panga pia kukutana na mtu kila wiki, siku ileile, maana gizani hamu ya kutoka ndiyo hutangulia kupotea.

Na kuna huzuni isiyoondoka kwa matembezi. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza sonona inayokuja na majira, na ina tiba: mazungumzo na mtaalamu, dawa, au taa maalumu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa takriban nusu saa kila asubuhi. Ukipitisha wiki mbili huna raha na chochote, au ukianza kuona heri usingekuwapo, usingoje theluji iyeyuke. Mwambie mtu wa karibu leo, na umwone daktari. Mwenye maradhi ya macho amuulize kwanza kabla ya kuwasha taa hiyo.