Dawa ya presha na milango ya kalsiamu: je, mifupa yangu itakwisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa miaka 58, ninaishi Mbagala na ninauza vitenge Kariakoo. Tangu mwaka jana ninameza amlodipini ya miligramu 5 kila siku kwa ajili ya shinikizo la damu. Mtoa dawa alinieleza kwamba dawa hiyo hufunga milango ya kalsiamu. Jirani yangu aliposikia hayo akasema mifupa yangu itakwisha, hivyo nile dagaa na maziwa kwa wingi; mwingine akadai kwamba dagaa na maziwa ndivyo vitakavyoivuruga dawa. Nimebaki njia panda. Tena, ifikapo jioni vifundo vya miguu huvimba. Milango hiyo ni ipi hasa, na je, dafu ninaloshauriwa kunywa lina faida yoyote? (Mama wa Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Mama, shikamoo. Nianze na mifupa, kwa kuwa ndiyo iliyokutia hofu. Dawa yako haichoti kalsiamu mifupani, wala haiyazuii matumbo kuifyonza kutoka katika chakula. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imehifadhiwa katika mifupa na meno, na huko siko dawa inakolenga. Shabaha yake ni sehemu ndogo mno iliyomo katika kuta za mishipa ya damu. Dagaa na maziwa endelea navyo kama ulivyozoea. Kwa maoni yangu, lawama ni ya jina lenyewe, kwani anayeambiwa kwamba anameza "kizuizi cha kalsiamu" ana haki ya kuwaza mifupa.

Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, una tabaka la misuli laini iliyouzunguka mshipa kama kamba iliyozungushwa kwenye mtumba. Misuli hiyo ikikaza, njia ya damu hupungua. Ikilegea, njia hupanuka. Hapa kidogo huwa kingi: kwa kanuni iliyotokana na majaribio ya tabibu Mfaransa Jean Poiseuille katika karne ya 19, njia ikipungua hadi nusu ya upana wake, ukinzani dhidi ya mtiririko huongezeka mara 16. Kwa hiyo moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi hata pale mishipa midogo inapokuwa imebana kiasi ambacho macho yasingekitambua.

Kinachoiamuru misuli ikaze au ilegee ni milango uliyotajiwa. Kila seli imefunikwa na utando wa mafuta, na chembe zenye chaji ya umeme, ziitwazo ioni, haziwezi kupenya mafuta hayo. Hupita katika protini zenye tundu katikati, yaani chaneli za ioni, ambazo hufunguka na kufunga kwa muda unaopimwa kwa elfu za sekunde. Nje ya seli ya misuli ya mshipa, ioni za kalsiamu huwa nyingi zaidi ya mara 10,000 kuliko zilizo huru ndani. Fikiria umati uliojaa mbele ya geti la kivuko pale Magogoni asubuhi: geti likiachiwa kidogo tu, watu humiminika bila kusukumwa na mtu. Kalsiamu nayo ikiingia, hushikamana na protini iitwayo kalmodulini, ambayo huamsha kimeng'enya kinachoiwezesha miosini, yaani nyuzi za kukazia, kuvuta. Baadaye pampu za seli huirudisha kalsiamu nje au kuisukuma katika ghala la ndani, na mshipa hulegea.

Mlinzi wa geti hilo ni umeme. Ndani ya seli hizi kuna chaji hasi ikilinganishwa na nje, kwa takriban milivolti 40 hadi 60, na hali hiyo ikipungua milango ya kalsiamu hufunguka zaidi. Potasiamu, ambayo ni nyingi ndani, ina milango yake. Inapotoka huondoka na chaji chanya, ndani huwa hasi zaidi, na milango ya kalsiamu hujifunga. Kalsiamu ni kama mafuta ya gari na potasiamu ni breki. Ajabu ninayoipenda katika habari hii ni kwamba kalsiamu yenyewe huweza kukanyaga breki. Mwaka 1995 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba ghala la ndani hutoa cheche ndogo za kalsiamu karibu kabisa na utando, na kila cheche hufungua milango mingi ya potasiamu iliyo jirani, hata mshipa ukalegea. Ioni ni ileile. Mahali inapotokea ndipo panapoamua iwapo mshipa utabana au utapanuka.

Tabaka la ndani kabisa la mshipa, linaloguswa na damu, lina milango inayohisi msuguano wa damu ipitapo. Mmoja wao ni Piezo1, uliotambuliwa mwaka 2010 na kundi la mtafiti Ardem Patapoutian, aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Ukifunguka, tabaka hilo hutoa gesi ya nitriki oksidi, na misuli ya jirani hulegea.

Amlodipini hujishikiza kwenye milango ya kalsiamu ya misuli laini ili michache zaidi ifunguke, haiifungi yote. Misuli ya mikono na miguu hutegemea hasa kalsiamu ya ghala lake la ndani, na ndiyo sababu bado unaweza kujitwisha mzigo wa vitenge. Dawa hupungua nusu mwilini baada ya saa 30 hadi 50, hivyo kidonge kimoja kwa siku hutosha.

Kuhusu uvimbe, dawa huzipanua ateri ndogo kwa kiasi kikubwa kuliko inavyozipanua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, basi shinikizo huongezeka katika mishipa myembamba zaidi, na maji huvuja kwenda kwenye nyama za mwili. Kwa mtu anayesimama dukani kutwa, maji hayo hushukia vifundoni. Vidonge vya kukojoza husaidia kidogo tu. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kuongeza dawa ya kundi jingine inayopanua vena pia. Usiiache dawa kwa uamuzi wako. Lakini ukivimba mguu mmoja wenye maumivu, au ukikosa pumzi, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana hapo chanzo huenda kikawa kingine.

Dafu lina potasiamu nyingi, na potasiamu ya kutosha katika chakula huzisaidia figo kutoa chumvi. Tena ongezeko dogo la potasiamu nje ya seli hufungua baadhi ya milango yake na kuongeza ile breki. Dafu halishiki nafasi ya kidonge, hata hivyo, na kwa mwenye figo dhaifu, au anayemeza dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, linaweza kuipandisha hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Kabla ya kulifanya kinywaji cha kila siku, mwombe daktari akupime figo.