Kabla hujalipia kisu cha zamani, soma shina la ubapa

Muuzaji akikwambia kisu chake ni "chuma cha Mjerumani", muulize: namba gani ya aina ya chuma? Wengi hunyamaza hapo. Hata neno Solingen likiwa limegongwa ubapani, linakuonyesha mji tu. Jina hilo limelindwa kwa sheria tangu 1938, lakini mjini humo vimetengenezwa visu vya kaboni na visu visivyoshika kutu pia.

Mimi hukusanya visu vya kukunja, na nimejifunza kuanza na mambo mawili: nani alikitengeneza, na mwaka gani. Kukikodolea macho au kujaribu makali kwenye karatasi hakusaidii. Fungua kisu, washa tochi ya simu, usome kwa lenzi maandishi yaliyo kwenye shina la ubapa, pale unapoingia mpinini.

Mfano mzuri ni Buck 110, kisu cha wawindaji wa Marekani kilichoingia sokoni miaka ya 1960. Cha zamani na cha leo ni pacha kwa sura, ila aina ya chuma cha ubapa imebadilika: 440C mpaka 1981, ikafuata 425M, na tangu miaka ya 1990 cha kawaida ni 420HC. Kuanzia 1986 kampuni hugonga alama ndogo kando ya namba 110, kila mwaka na alama yake. Ukishaipata, jedwali la alama hizo litakupa mwaka, na mwaka utakupa chuma. Matoleo maalumu yenye chuma kingine, S30V, yapo, kwa hiyo kagua ubapa wote. Wakusanyaji huisifu 440C kwa sababu ina kaboni karibu asilimia 1, takriban maradufu ya 420HC, na makali yake hukaa zaidi. Sawa, lakini kuinoa kwa jiwe la kawaida ni kazi ya jioni nzima. Cha kuchinjia kuku nachukua 420HC bila kusita.

Visu vya Case, kampuni nyingine ya Marekani, ni rahisi zaidi kusoma. CV ni chuma cha kaboni chenye kromiamu na vanadiamu kidogo. SS hakishiki kutu. Vya 1970 vina nukta kumi chini ya jina, kisha nukta moja ikaondolewa kila mwaka hadi ikabaki moja 1979. Opinel wa Ufaransa wameandika wazi: Carbone (kaboni) au Inox (kisichoshika kutu).

Kisu kisicho na maandishi ndicho huleta ubishi. Mtu atakuletea sumaku, akisema ikinasa basi si stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Hapana. Vijiko vingi vya stenlesi havinasi, lakini stenlesi ya visu hunasa kama chuma kingine. Wahunzi husoma cheche za mashine ya kunolea: kaboni hurusha cheche ndefu zenye matawi, stenlesi hurusha chache na fupi. Wako sahihi, ila dakika moja kwenye mashine hiyo inaweza kula nusu ya bei ya kisu chako. Afadhali utafute rangi ya kijivu-buluu ambayo ubapa wa kaboni huipata kwa kukata matunda na nyama. Ole wake aliyeisugua ili king'ae!

Kwa "Damaski", chuma chenye mawimbi ubapani, geuza kisu utazame mgongo. Mawimbi ya kweli huendelea mpaka huko. Yaliyochorwa juu kwa asidi au leza huishia ubavuni.

Ipo pia mashine ya eksirei inayotaja madini bila kukwaruza. Yenye umbo la bastola, inayoshikwa mkononi, husoma kromiamu vizuri lakini kaboni haiioni, kwa hiyo haitakutenganishia 440A na 440C, ambazo tofauti yake kubwa ni kaboni hiyo hiyo.

Kisu chenye rangi ya kijivu-buluu kikikataa kujieleza zaidi, daftarini naandika "kaboni, mtengenezaji hajulikani", kisha nalipia mpini na hali yake. Chuma cha kusimuliwa sikiongezei hata shilingi.