Dawa nyekundu, vidonge vya doksisaiklini na "maji ya bakteria"

SWALI: Mama yangu ana saratani ya titi na ameanza kuchomwa ile dawa nyekundu. Nimesoma kuwa inatokana na bakteria, yaani ni antibiotiki. Je, vidonge vya doksisaiklini haviwezi kufanya kazi hiyohiyo bila kumdhoofisha? Pia kuna mtu anatuuzia maji ya bakteria wa udongo, anasema yanaua seli za saratani tu.

JIBU: Pole kwa kuuguza. Ulichosoma ni kweli: hiyo dawa nyekundu, doksorubisini, ilipatikana kwa bakteria wa udongo, Streptomyces peucetius. Tatizo ni hilo neno "antibiotiki", ambalo watu hulisikia wakadhani dawa zote za jina hilo hufanya kazi moja. Amoksilini huvuruga ukuta wa bakteria, na kwa kuwa seli zetu hazina ukuta huo, zinasalimika. Doksorubisini hujipenyeza ndani ya DNA na kukwamisha kimeng'enya kinachoikata na kuiunga wakati seli inajigawa. DNA ya uvimbe na DNA ya mama yako zimejengwa kwa namna moja, kwa hiyo dawa haina jicho la kuzitofautisha. Seli za uboho, mizizi ya nywele na utando wa mdomo nazo hujigawa upesi, nazo huumia. Tofauti ni kwamba hizi hujirekebisha vizuri zaidi kuliko uvimbe. Ndiyo maana mama hupewa dozi, kisha anapumzishwa wiki kadhaa.

Moyo haujigawi hivyo, lakini nao huumia. Kwa sababu hiyo tunajumlisha dozi zote za maisha ya mgonjwa, na kwa kawaida hatuvuki miligramu 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mara nyingi tunasimama kabla ya hapo. Bleomisini, dawa nyingine ya saratani itokanayo na bakteria, haiusumbui sana uboho ila inaweza kuyakaza mapafu, kwa sababu yana kimeng'enya kidogo cha kuivunja. Na aktinomisini, iliyopatikana mwaka 1940 katika maabara ya Selman Waksman, mtafiti wa bakteria wa udongo, ilikuwa na sumu kali mno kutibu maambukizi. Sumu hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwafaa watoto wenye saratani ya figo.

Sasa hao wauza maji. Kila wiki naletewa chupa ya namna hii, na maneno ni yaleyale: "imethibitishwa maabara kuua saratani". Maabara gani? Kwenye kisahani cha kuoteshea seli, hata dawa ya kufulia nguo inaua saratani. Kisahani hakina moyo, ini wala uboho. Doksisaiklini yenyewe imepunguza kasi ya seli za saratani kwenye visahani, kwa kuwa mitokondria zetu, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, hutengeneza protini kwa mitambo inayofanana na ya bakteria. Hilo halijaifanya kuwa tiba ya saratani ya titi.

Wakibanwa, hutaja limfoma ya tumbo (saratani ya chembe za kinga), ile iitwayo MALT. Ni kweli, ikiwa bado changa na imesababishwa na bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, antibiotiki za kawaida huweza kuiondoa. Lakini pale dawa huua bakteria aliyekuwa akiuchochea uvimbe, haiui uvimbe wenyewe. Mama yako hana ugonjwa huo.

Mimi doksorubisini naichanganya ndani ya kabati maalumu, nimevaa glavu jozi mbili na joho. Muuguzi anaisukuma polepole huku dripu ikitiririka, macho yake yakiwa kwenye mshipa, kwa sababu ikivuja nje huozesha nyama. Anayekuuzia chupa isiyo na kipimo, akakuambia haidhuru chochote, hajui kilichomo au anajua kuwa hamna kitu.

Vidonge mlivyonavyo nyumbani msimpe. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, hushuka zaidi kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya dozi. Joto likifika nyuzi 38 siku hizo, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Huko ndiko atakakopewa antibiotiki anayoihitaji kweli, kupitia mshipa.