Majibu kwa Wasomaji: Baiskeli za Mbio za Zamani na Mikono Iliyoziunda

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa ajili ya barua zinazohusu baiskeli za mbio zilizoundwa kwa mikono, hasa zile za feleji zilizotoka katika karakana ndogo kati ya miaka ya 1930 na miaka ya 1980. Barua zenyewe tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, katika jumba moja la makumbusho nilikuta baiskeli ya mbio imetundikwa ukutani peke yake, ikimulikwa taa kama mchoro. Naipenda baiskeli, lakini jambo hili limenitatiza. Chombo kilichoundwa ili mtu ashinde mbio kinakuwaje kazi ya sanaa? Je, hatukivishi heshima isiyokuwa yake?

Ndugu msomaji, heshima hiyo ni yake kwa haki, na ushahidi umo katika chuma chenyewe. Ukipata nafasi ya kuisogelea tena baiskeli ya aina hiyo, tazama mahali ambapo bomba la juu linakutana na bomba la kichwa, yaani lile fupi linaloshika uma wa mbele. Utaona kiungio cha chuma kilichoyavika mabomba hayo mawili, kingo zake zikiwa zimechongwa kwa mstari uliopinda na kuishia kwenye ncha nyembamba. Kiungio hicho kilimfikia fundi kikiwa kizito na chenye kingo butu. Ni yeye aliyekibana kwenye jiliwa na kukichonga kwa tupa mpaka kikawa chembamba kuelekea mwisho, kwa sababu kiungio kinachokoma ghafla huelekeza mkazo wote mahali pamoja, na hapo ndipo bomba huja kupasuka, ilhali kiungio kinachoisha taratibu huusambaza mkazo huo. Ule mstari unaolivutia jicho ndio unaoilinda fremu isivunjike.

Baada ya tupa hufuata moto. Fremu za namna hii hazikuchomelewa. Zililehemiwa kwa shaba njano au kwa aloi ya fedha. Shaba njano huhitaji joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi na fedha huhitaji pungufu ya hapo, lakini feleji yenyewe haiyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 1,500, kwa hiyo mabomba hubaki mazima huku madini yaliyoyeyuka yakinywewa na upenyo mwembamba ulio kati ya bomba na kiungio. Fundi hana kipimo cha joto mkononi. Anasoma rangi ya chuma na jinsi dawa ya kulehemia inavyotulia juu yake. Akiupunguza mno moto, madini hayaingii ndani. Akiuzidisha, anaudhoofisha ukuta wa bomba ambao tangu mwanzo ulikuwa mwembamba mno. Mabomba ya Columbus ya aina ya SL, yaliyotumiwa na mafundi wengi wa Italia, yana unene wa milimita 0.9 kwenye miisho, na katikati unashuka hadi milimita 0.6. Mabomba ya Reynolds 531 ya Uingereza, yaliyoingia sokoni mwaka 1935 na ambayo jina lake linahusiana na uwiano wa madini yaliyochanganywa, nayo yalikuwa na toleo lililonenepa miishoni na kupungua katikati. Fremu nzima, ukiishika, inakueleza uamuzi mmoja baada ya mwingine kuhusu wapi chuma kibaki na wapi kiondolewe, na kwangu mimi uwezo huo wa kuusoma uamuzi wa mtu katika kitu alichokiunda unatosha kabisa kuitwa sanaa.

Msanii Pablo Picasso alitengeneza kichwa cha fahali mwaka 1942 kwa kuunganisha kiti na usukani wa baiskeli, na watu wengi hutaja kazi hiyo kila inapozungumzwa sanaa na baiskeli. Naiheshimu, lakini haijibu swali lako, kwa kuwa Picasso ilimbidi aifute kazi ya vipande vile ili vigeuke kitu kingine. Mfano ulio karibu zaidi ni baiskeli ambayo Ernesto Colnago, fundi wa Italia, alimwundia Eddy Merckx, mkimbiaji wa baiskeli wa Ubelgiji, kwa ajili ya rekodi ya saa moja. Tarehe 25 Oktoba 1972, katika jiji la Mexico, Merckx aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja juu ya baiskeli isiyofika kilo 6, ambayo fundi wake alikuwa ameitoboatoboa hata mnyororo ili kupunguza uzito. Baadaye iliwekwa ndani ya kioo katika kituo cha treni ya chini ya ardhi kinachoitwa kwa jina la Merckx mjini Brussels, bila kubadilishwa umbo wala kupewa maana mpya. Vilevile jumba la Museum of Arts and Design la New York lilifanya maonyesho mwaka 2010 ya fremu za mafundi wachache walio hai wakati huo, miongoni mwao Dario Pegoretti wa Italia na Richard Sachs wa Marekani, na wageni waliziangalia kazi hizo kwa jicho lile lile wanalotazamia vyombo vya udongo au vito vilivyofanyizwa kwa mkono.

Ndugu Mhariri, ninakubali kuhusu viungio vilivyochongwa kwa kiasi. Lakini kuna fremu za Kiingereza zenye viungio vilivyotobolewa maua na mapambo, na mabomba ya nyuma yaliyopindwa bila sababu. Je, hizo si urembo mtupu?

Bila shaka unazungumzia Hetchins, karakana iliyoanzishwa na Hyman Hetchin huko Tottenham, London, na ambayo fremu zake nyingi maarufu zilitoka mikononi mwa fundi Jack Denny. Mabomba ya nyuma yaliyopinda yalianza katika miaka ya 1930, na karakana ilidai kwamba yanapunguza mtikisiko wa barabara. Mimi siamini kwamba mpindo huo ulileta nafuu kubwa, kwa sababu pembetatu ya nyuma ya fremu ni imara mno kiasi kwamba mpindo mdogo hauwezi kuilegeza sana. Hata hivyo lilikuwepo hitaji jingine. Katika mashindano ya ridhaa ya Uingereza matangazo ya biashara yalibanwa sana, na inasimuliwa kwamba majina ya watengenezaji yalifutwa kwenye picha za magazeti, hivyo fremu iliyotambulika kwa umbo lake ilikuwa na faida ambayo maandishi hayangeweza kuipata.

Kuhusu maua ya viungio, nakuomba usiyahukumu kwa kipimo cha mafundi wa Milano, Italia. Kutoboa na kuchonga pambo katika kiungio, kisha kulehemu bila tone moja la shaba kuziba upenyo wake, ni kazi ngumu kuliko kuacha ukingo mnyofu, na Denny aliifanya kwa usafi ambao wachache wameufikia. Fremu za Faliero Masi, aliyefanya kazi katika karakana iliyo chini ya uwanja wa baiskeli wa Vigorelli mjini Milano, zinanipendeza zaidi kwa utulivu wake. Hilo ni suala la ladha, wala halimshushi Denny hata kidogo.

Nimeuziwa fremu ya zamani yenye jina kubwa la Italia kwenye stika. Nitajuaje kama kweli ilitoka kwa fundi hodari?

Anza kwa kulisahau jina. Stika hubandikwa kwa dakika chache, na hata zamani jina halikuwa dhamana, kwa kuwa wakimbiaji wengi walimwendea fundi waliyemwamini, kisha fremu ikapakwa rangi na kuandikwa jina la mfadhili wa timu. Hata ile baiskeli ya rekodi ya Merckx niliyoitaja, ingawa ni kazi ya Colnago, ilibeba jina la Windsor.

Kagua chuma. Kingo za viungio ziwe kali na zilingane kulia na kushoto, na pasiwe na shaba iliyomwagika juu ya bomba na kufichwa kwa rangi. Geuza fremu na uchungulie sehemu ya chini inapokaa ekseli ya kanyagio, ambako fundi mvivu huamini kwamba hakuna atakayeangalia. Miisho ya mabomba ikiwa imekatwa kwa kufuata mviringo na madini yakionekana yamepita hadi ndani pande zote, umepata dalili njema. Masikio ya nyuma yanayoshika gurudumu yawe ya chuma kilichofuliwa, kwani bamba lililokatwa tu kwa mashine ni alama ya baiskeli ya bei nafuu. Kisha pima nguzo ya kiti. Mabomba mepesi kama SL na 531 yenye unene pungufu kwa kawaida hupokea nguzo ya milimita 27.2, na ukikuta kipimo kidogo zaidi, kama milimita 26, huenda ukuta wa bomba ni mnene na fremu ni ya daraja la chini. Sehemu ya ekseli ya kanyagio ikiwa na upana wa milimita 70, huo ndio upana wa Kiitalia; wa Kiingereza ni milimita 68.

Umri unaweza kukadiriwa kwa upana kati ya masikio ya nyuma, ambao ni milimita 120 kwa gia tano za nyuma, milimita 126 kwa gia sita au saba, na milimita 130 kwa nyingi zaidi, ingawa fundi anaweza kuyapanua masikio hayo baadaye. Vibadilisha gia vya kampuni ya Italia ya Campagnolo vya aina ya Nuovo Record vya miaka ya 1970 vina mwaka uliogongwa pamoja na neno la hataza. Mwaka huo ni wa kifaa wala si wa fremu, kwa hiyo utumie kama shahidi mmoja kati ya wengi.

Fremu niliyorithi ina mikwaruzo mingi, rangi imebanduka, na kromu ya uma ina kutu. Fundi wa rangi ameniahidi kuifanya iwe mpya kabisa. Nimkubalie?

Nakusihi usimkubalie. Katika barua zote za mwezi huu hii ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu kosa la aina hii halirudishwi nyuma. Rangi ya kwanza, ile mistari myembamba iliyovutwa kwa brashi kando ya viungio na hata alama ya mguu wa mpandaji kwenye bomba la nyuma ni sehemu ya kazi na ya historia yake, na vikishaondolewa hakuna fedha inayoweza kuvirejesha. Nimeona fremu zikipakwa rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Huwa imara na ya kung'aa, lakini ni nene kiasi kwamba hufunika kingo za viungio, na zile saa nyingi za tupa nilizozieleza hapo juu hupotea chini yake. Hatari zaidi ni kupuliza mchanga kwa nguvu, kwa kuwa ukuta wenye milimita 0.6 hauna chuma cha kupoteza.

Safisha badala ya kufufua. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha vizuri, kisha paka nta. Kutu ndogo juu ya kromu hutoka ukiisugua polepole kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromu na haiikwaruzi. Kutu iliyoanza chini ya rangi izuie kwa kugusa pale palipobanduka peke yake, kwa rangi inayofanana. Ndani ya mabomba pulizia mafuta mazito ya kuzuia kutu, kwani fremu nyingi huoza kutokea ndani. Nguzo ya kiti ya alumini ikiwa imeng'ang'ania ndani ya feleji usiizungushe kwa nguvu. Tia mafuta ya kupenya, subiri siku kadhaa, na mwachie fundi ikishindikana.

Ninakubali kupaka rangi upya katika hali mbili tu: ikiwa rangi ya kwanza ilikwisha kuondolewa na mtu mwingine, au ikiwa kutu inatishia bomba lenyewe. Hata hapo, piga picha kila upande na nakili maandishi kwa kipimo chake kabla ya kugusa chochote.

Je, ni halali kuipanda, au ibaki ukutani?

Ipande, mradi iwe salama. Huko Gaiole in Chianti, katika mkoa wa Toscana nchini Italia, tangu mwaka 1997 hufanyika mwendo wa L'Eroica kwenye barabara za changarawe nyeupe, na baiskeli za mbio zinazokubaliwa ni zilizoundwa kabla ya mwaka 1987, zenye vishikio vya gia kwenye bomba la chini, waya za breki zinazopita nje ya usukani, na kanyagio zenye vikanda vya kufungia miguu. Maelfu ya watu hupanda fremu zile zile ambazo wengine huziogopa hata kuzigusa.

Kabla ya kutoka, fungua usukani na shingo yake uangalie nyufa ndogo mahali vinapobanwa, kwa kuwa alumini ya zamani huchoka na huvunjika bila kutoa onyo. Tairi zilizobandikwa kwa gundi zivuliwe na kubandikwa upya, maana gundi ya zamani hukauka na tairi linaweza kuchomoka kwenye kona. Mwisho, pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, nyuma kidogo ya bomba la kichwa. Ukihisi mkunjo au rangi iliyopasuka kwa mstari wa kukata bomba, fremu hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele, na isipandwe mpaka fundi aipime. Habari njema ni kwamba fundi mwenye ujuzi anaweza kupasha moto kiungio, akalitoa bomba lililoharibika peke yake na kutia jingine la kipimo kile kile.