Miaka Miwili ya "Everything is okay"

Mimi ni soja wa geti hapa Nakuru, upande wa Milimani, zamu ya usiku. Shule niliiachia darasa la sita huko kwetu Bungoma. Siku hizi wageni wanaopita getini wakinisikia nikiwaelekeza kwa Kiingereza huniuliza nilisomea wapi. Nilisomea kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha walinzi (occurrence book), ila si kwa namna unayodhani.

Kila saa tunaandika kwenye OB hali ilivyo, na lazima iwe Kiingereza. Mwenzangu aliyenipokea kazini alinionyesha sentensi moja, "Everything is okay", nami nikainakili. Saa moja, saa mbili, saa tatu, mpaka kuche. Miaka miwili sikukosa kuiandika hata zamu moja. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa ya kujua lugha ni kutokosa siku, mlete kwangu. Sikukosa, na sikujua kitu.

Kisha usiku mmoja gari la mgeni likagonga geti, likang'oa bawaba ya chini. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka saa nane. Nilichoandika ni hiki: "The man goed and her car beated the gate." Asubuhi supavaiza aliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote. Leo nacheka. Siku hiyo nilitamani kreta ya Menengai inimeze.

Hasira ikanipeleka kwa wauza vitabu wa kando ya barabara mjini, nikanunua kitabu cha sarufi kilichokwisha tumika. Nilikianza mara tatu. Kurasa kumi na mbili za mwanzo zimechakaa, zilizobaki ni mpya hadi leo. Nikikosa siku tatu nilijiona nimeharibu kila kitu, narudi ukurasa wa kwanza kama mtu anayetubu. Ndugu yangu, usirudi mwanzo. Rudi pale ulipoachia, hata kama umesahau nusu. Nilifikiria pia ngumbaru, lakini darasa lilikuwa la mchana, na mchana ndio usiku wangu.

Kilichonisaidia ni kidogo hata naona haya kukitaja: kila zamu, sentensi moja ambayo sijawahi kuiandika. Moja tu. "A woman from number two brought me tea." "The dog saw a rat and ran away." Zile saa nyingine niliacha "okay" yangu iendelee kunitunza.

OB ni mwalimu mkali kwa sababu kila kinachoandikwa humo kimeshatokea. Sisi tuna -li- yetu: alienda, alileta, aliona, vitenzi vyote vinavaa shati moja. Kiingereza kina "went", "brought" na "saw", na hakuna njia ya mkato ila kuvizoea kimoja kimoja. Vilikuwa vikinirudia usiku baada ya usiku, maana getini watu hawana jingine la kufanya ila kuja, kuondoka na kuleta vitu. Halafu OB haifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya neno, na kosa linabaki pale likikutazama. Na kabla ya kupokea zamu unasoma yaliyoandikwa nyuma, kwa hiyo sentensi ya jana naikuta tena leo. Mwalimu mmoja mstaafu anayeishi hapa aliniambia kwamba Mjerumani aitwaye Ebbinghaus aliandika mwaka 1885 jinsi mambo mapya yanavyotoroka kichwani upesi sana mwanzoni, na kwamba kuyarudia baada ya muda ndiko kunakoyazuia. Nilifurahi kusikia kwamba kazi yangu ilikuwa imenipangia hivyo bila mimi kujua.

Wewe huenda huna OB. Lakini kama unauza mboga una daftari la madeni, na kama ni bodaboda unamngoja abiria stejini kila siku. Tafuta kitu kitakachotokea utake usitake, kisha ukifungie sentensi yako hapo. Ukingoja muda wa kusoma upatikane, utazeeka ukingoja.

Kuongea kulichelewa. Sisi wa Bungoma "gate" hututoka "kate", na vijana wa mjini hawana huruma na mtu anayeshrabu, yaani anayetamka kwa lafudhi ya kwao. Basi nikamwendea yule mstaafu: "Tafadhali Mwalimu, mwezi huu nirekebishe 'he' na 'she' peke yake. Mengine yaache." Kwetu "yeye" ni yeye, awe mume au mke, na kosa hilo lilikuwa limenichosha kuliko yote. Alicheka, akakubali. Mtu akikurekebisha makosa kumi kwa mara moja unafunga mdomo, na ukishafunga mdomo hujifunzi tena. Mwezi uliofuata tukaingia kwenye "kate". Hiyo ilichukua miezi mitatu, na nikikasirika bado hurudi.

Majuzi kijana mpya wa zamu ya mchana alianza kunakili sentensi zangu. Nikamwambia anakili zote akitaka, ila kila zamu aweke moja yake. Jana jioni nilipofungua kitabu nilikuta ameandika: "The cat of number three has born four childrens." Nimemwonyesha "childrens" tu.