Gemu kwa saa 48: ukate nini kwanza?

Mkuu, unapanga levo tano na hadithi ndefu kwa saa 48 za Ludum Dare, yale mashindano ya kuunda gemu, tena peke yako? Baki na levo moja. Siku ya kwanza usichore kitu: mhusika awe kiboksi chekundu tu, aruke, aanguke, afe, aanze upya. Kuruka kusiponoga hapo, picha nzuri hazitakuokoa.

Gemu ya E.T. ya kampuni ya Atari, 1982, iliundwa kwa wiki tano hivi, na wachezaji wakachoka kutumbukia mashimoni kila mara. Kwa hiyo jioni hiyohiyo mpe mtu wa nyumbani acheze, nawe ufunge mdomo, hata akikwama. Kulala lala, jamani. Faili la mwisho lijaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabla hujalituma.