Panya wangu amekufa, na mume wangu anasema "ni panya tu"

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, huu ni mwaka wa tatu wa ndoa yangu. Nilikuwa nafuga panya wawili majike, ndugu wa uzao mmoja, Tulia na Pilika. Mwezi uliopita Tulia alianza kutokwa na kitu chekundu machoni kama damu, akawa anapumua kwa taabu. Nilingoja wiki nzima nikidhani atapona. Akanifia mkononi, akiwa na miaka miwili na miezi michache. Nililia mpaka kazini wakaniuliza nani amefariki. Nilipowaambia, wakaangua kicheko. Mume wangu naye akasema, "Lakini ni panya tu." Tulimzika usiku nyuma ya nyumba, yeye akinimulikia tochi kwa mbali. Sasa Pilika hali vizuri, anazunguka tundu zima akinusa. Nataka kumtafutia mwenzake. Mume wangu hataki kusikia. Anasema hata huyu aliyebaki anamvumilia tu, na kwamba tangu nimruhusu Pilika atembee mezani tukila, yeye hula akiwa amegeuza uso. Nimemwonyesha habari za Magawa, yule panya aliyenusa mabomu, akanijibu kuwa huyo alikuwa kazini. Je, nakosea kumpenda panya? Wako, Mwenye Msiba.

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Pole hii ulistahili kuipata siku ile ile kazini. Kiumbe akikufia mkononi, hupimi kwanza ukubwa wake ndipo ulie.

Nianze na jambo ulilolitaja kwa haraka, lakini naona ndilo linalokunyima usingizi: ule wekundu wa macho na ile wiki uliyongoja. Haikuwa damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa ute wenye rangi nyekundu iitwayo pofirini. Panya akiwa mgonjwa au mwenye mfadhaiko, ute huo huzidi mpaka ukaonekana machoni na puani. Ukiunganisha na kule kupumua kwa taabu, nadhani shida ilikuwa mapafuni. Panya wengi wa kufugwa huishi na bakteria aitwaye maikoplazma tangu wakiwa wachanga, na mwili ukichoka kwa uzee, ugonjwa huinuka. Sitakudanganya: daktari wa wanyama angeweza kumpa dawa ya kumpunguzia mateso, pengine hata kumwongezea muda. Lakini panya wa kufugwa huishi miaka 2 hadi 3. Tulia alikuwa ameshakuwa bibi kizee. Tena panya ni mnyama anayewindwa, huficha udhaifu wake hadi siku asipoweza tena kuuficha. Ulipouona wewe, yeye alikuwa ameugua kitambo. Usijihukumu kana kwamba ulijua ukanyamaza.

Unauliza kama unakosea kumpenda. Hukosei, na huyo Pilika anayezunguka akinusa si ndoto yako. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walimfungia panya mmoja ndani ya kibomba chembamba, mwenzake wakamwacha nje. Yule wa nje alihangaika siku baada ya siku mpaka akajifunza kufungua kimlango na kumtoa mwenzake. Wakamwekea chokoleti katika kibomba kingine, ambayo angeweza kuila yote peke yake. Hata hivyo alifungua kote kuwili, na mara nyingi wakaila pamoja. Panya walioishi pamoja hulala wamelaliana, husafishana manyoya, hugombana na kupatana. Pilika amekuwa na Tulia tangu siku aliyozaliwa.

Sasa mume wako, na hapa pengine hutanifurahia.

Sikiliza lugha yetu wenyewe inavyomsema panya. Mtu mnafiki tunasema anauma na kupuliza, kwa sababu tumeambiwa panya humng'ata aliyelala huku akimpulizia asisikie maumivu. Magendo hupita njia za panya. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mume wako amekua na maneno haya kama sisi sote. Na huenda ana zaidi ya maneno: huenda aliwahi kulala akisikia mikwaruzo darini, au kuamka akakuta nguo imetobolewa. Kinyaa cha namna hiyo hakiondoki kwa kuambiwa kwamba huyu wako ni msafi na mpole.

Wala kinyaa na mapenzi kwa panya havijawahi kukaa mbali. Katika karne ya 19, enzi za Malkia Victoria, London kulikuwa na mkamata panya mashuhuri aitwaye Jack Black. Kazi yake ilikuwa kuwaangamiza. Lakini alipowapata wenye rangi zisizo za kawaida hakuwaua, aliwafuga, akawazalisha na kuwauza kwa waliotaka kuwalea majumbani. Yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza wanaotajwa katika historia ya panya wa kufugwa. Mikono ile ile, mwanangu.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama kwenye tochi. Mtu anayedharau msiba wako angebaki kitandani. Yeye alitoka usiku, akasimama pale ambapo hofu yake ilimruhusu kufika, akakumulikia mpaka ukamaliza kufukia. Neno "ni panya tu" lilikuwa baya na ana haki ya kuambiwa kuwa lilikuumiza. Ila usilifanye kuwa habari yote ya mtu huyu.

Kuhusu meza niko upande wake kabisa. Panya anapotembea huacha vitone vya mkojo, ndivyo anavyoweka alama njia yake. Ugonjwa wa leptospirosisi hupita kwenye mkojo, na homa itokanayo na kung'atwa na panya huletwa na bakteria anayeweza kuwa mdomoni mwa panya aliye mzima kabisa. Hatari kwa panya anayetunzwa ndani ni ndogo, lakini ipo. Pilika asipande mezani tena, kuanzia leo. Osheni mikono kila mnapomshika, usimbusu mdomoni, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la vyombo vyenu. Ukimjia mumeo na hayo kabla hajayadai, utaona mazungumzo yatakavyobadilika.

Na Magawa umwache apumzike. Nami najivunia panya yule: panya buku aliyefunzwa na shirika la APOPO huko Tanzania, akanusa mabomu ya ardhini na vilipuzi zaidi ya 100 nchini Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akafa mwaka 2022. Lakini ni jamii nyingine ya panya, mkubwa mara kadhaa kuliko Pilika, na wewe ulimleta ili ushinde hoja. Badala yake muulize mumeo swali moja na ukae kimya akijibu: ni nini hasa anachokiogopa? Mkia? Kung'atwa? Harufu? Kwamba watazaana? Kila jibu lina dawa yake, lakini huwezi kuitoa dawa kabla ya kujua kidonda kiko wapi.

Nije kwa mwenza wa Pilika. Usilete panya mpya kabla mume wako hajakubali kwa kinywa chake. Nyumba ni ya wawili, na panya aliyeingizwa kwa siri ataishi akichukiwa. Hata akikubali, usichukue kichanga. Pilika amebakiwa na miezi michache ya kuishi, labda mwaka. Akifa, yule mdogo atabaki peke yake, nawe utalazimika kutafuta mwingine, na mnyororo huo hautakwisha. Ulizia kwa wafugaji wenzako kama kuna aliyebakiwa na jike mzee mmoja kama wewe. Hakikisha kweli ni jike, kwa maana mimba ya panya ni wiki tatu tu. Mgeni akae chumba kingine wiki mbili kwanza asije akaleta maradhi, kisha wakutane mahali ambapo hakuna kati yao anayepaita kwake, na wewe ukiwepo.

Mume akikataa, kuna mawili. Unaweza kumpeleka Pilika kwa mfugaji mwenye majike kadhaa, apate kundi la kulala nalo. Hilo litakuuma, lakini kwa panya huenda ndilo bora, na mfugaji mwema atakuruhusu kumtembelea. Au umbakishe, na wewe mwenyewe uwe kundi lake: saa kadhaa kila siku nje ya tundu, katika chumba ambacho mumeo amekubali kiwe cha panya. Ningekuwa wewe, ningechagua hili la pili, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu bado anakula kidogo. Kuhama sasa ni mzigo mwingine. Mtekenye. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanasayansi Jaak Panksepp na wenzake waligundua kwamba panya akitekenywa hutoa milio ya juu mno ambayo masikio yetu hayaisikii, na huukimbilia mkono uliomtekenya ili arudiwe. Hutausikia mlio huo, lakini utamwona akirudi.

Mpime uzito mara moja kwa wiki na uandike mahali. Akianza kupungua, au ukisikia mlio wowote anapovuta pumzi, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Na mwombe mume wako akusindikize. Hata akibaki mlangoni.